Jibu kwa dada wa Kisauni: mume hajampiga, ameshatoka, na bado anaogopa

Dada, asalaam alaykum. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja kabla ya kujibu, na jibu langu litakuwa refu. Kwa atakayelikuta jibu kabla ya swali: dada huyu ni wa Kisauni, Mombasa, ana mume na watoto wawili. Mumewe hajawahi kumtia hata kofi. Lakini laini yake ya M-Pesa ilikuwa mikononi mwa mume, simu ilikaguliwa kila usiku, na kwenda kwa mamake mzazi kulitaka ruhusa ya siku kadhaa kabla. Sasa amerudi kwao. Jamaa wanamwambia arejee kwa mumewe kwa sababu hana alama mwilini. Anauliza kama haya ni mateso au ni wivu tu, kwa nini bado anaishi kwa hofu ilhali ameshatoka, na aseme nini kwenye kikao cha familia alichoitiwa Jumapili.

Mimi niliolewa Likoni, nikatoka. Nitasema niliyoyaona mwenyewe, pamoja na yale niliyojifunza baadaye kwa kukaa na wanawake wengine na kuwauliza wanasheria.

Swali la kwanza nalijibu bila kuzunguka. Ni mateso. Usingoje kofi ndipo uamini.

Watu wetu wamezoea kuipima ndoa kwa mwili wa mwanamke. Akija na jicho limevimba, wazee wanakutana. Akija mzima, anaulizwa, "Kwani amekufanya nini?" Nawe unakosa la kusema, maana kila jambo ukilitaja peke yake linaonekana dogo. Ameuliza uko wapi. Ameuliza pesa zimekwendaje. Amekataza harusi ya juzi. Ni mume gani asiyeuliza? Kwa hivyo nakuomba uache kuyahesabu moja moja. Jiulize maisha yako yalikuwa na upana gani kabla ya ndoa, na yamebaki na upana gani leo. Nani ulikuwa ukizungumza naye ambaye humpigii tena? Kazi gani ulikuwa ukiifanya? Ni mambo mangapi umeyaacha, na uliyaacha kwa kupenda au kwa kuogopa kitakachofuata?

Nikupe langu. Nilikuwa nafundisha chekechea kisiwani, upande wa Majengo, na kila siku nilivuka kwa feri. Mume wangu alijua skuli inafungwa saa ngapi, matatu inachukua muda gani mpaka Ferry, na kuvuka ni dakika ngapi. Nikichelewa hakupiga kelele. Alinyamaza. Alikaa siku nzima, pengine siku kadhaa, hanijibu salamu, hagusi chakula nilichopika, na akitoka nje anacheka na majirani vizuri tu. Kisha kakangu ananipigia: "Dada, mbona shemeji anasema siku hizi unazurura mjini?" Basi nikaanza kupiga picha. Feri ikiharibika na watu wakijaa getini mpaka barabarani, natoa simu, napiga umati, napiga nyingine feri ikiwa katikati ya maji, namtumia kabla hajauliza. Hakuniambia hata siku moja nipige picha. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeiona simu yangu akaniuliza, "Wewe, picha zote hizi za feri za nini?" Nilishindwa kumjibu.

Hapo ndipo pa kutazama. Mtu anayekutawala hivi hana haja ya kukuamuru kila siku. Anakuadhibu mara mojamoja, kwa jambo ambalo hukulitarajia, na baada ya hapo unajichunga mwenyewe. Unajua leo funguo zimewekwa mezani kwa utulivu au kwa hasira. Unajua sauti ipi ya "sawa" ni sawa kweli. Akiulizwa atasema, "Mimi sijawahi kumkataza kitu," na wewe mwenyewe utashuhudia kuwa hajakukataza.

Pesa nayo. Kadi yangu ya benki aliichukua akisema kwenye feri kuna wezi. Mshahara ukiingia, anautoa yeye. Asubuhi anaacha pesa ya matumizi juu ya friji, jioni ni hesabu: nazi, vitunguu, mchicha, samaki, nauli. Nazi zikipanda bei nilikuwa najieleza huku sauti inatetemeka, na risiti sina, kwa sababu mama wa nazi hatoi risiti. Kuna nyumba zinazobana matumizi kwa kuwa hakuna kitu, na hilo si aibu wala si mateso. Lakini nyumba hiyo hubana kila mtu. Yeye hakuna aliyemuuliza zake zimekwenda wapi.

Halafu watu. Sisi huku mwanamke hukutana na wenzake harusini, kwenye hitima, kwenye maulidi, kwenye chama. Mume wangu alianza na rafiki yangu mmoja, kwamba ana midomo. Akaja kwa harusi, kwamba wanawake wa siku hizi wanapigana picha zikasambazwa. Akamalizia kwa mamangu: "Mamako ndiye anayeivunja hii ndoa." Nikawa natafuta sababu za kutokwenda kwetu mimi mwenyewe, maana kila nikirudi kutoka kwa mamangu kulikuwa na gharama ya kulipa usiku. Ni kama maji ya bahari yanapojaa: huwezi kuonyesha wimbi moja ukasema hili ndilo lililofunika mwamba.

Na huko nje ni mtu anayesifiwa. Anachanga kwenye misiba, anabeba majeneza, anasalimia wazee kwa kuinama. Kila mtu ananiambia nimepata mume. Jambo alilolisema jana, leo analikana macho makavu, mpaka nikawa naandika maneno yake nyuma ya rejista ya darasa langu ili nijue akili yangu iko sawa. Ikiwa na wewe umefika mahali pa kuhitaji ushahidi wa yale uliyoyasikia kwa masikio yako, basi unajua ninachokisema.

Umeuliza tofauti ya hili na wivu. Wivu umo kwenye ndoa nyingi nzuri. Mume mwenye wivu ukimwambia, "Hili linaniumiza," pengine atanuna, pengine mtabishana, lakini kesho atajirekebisha au angalau atakusikiliza. Mimi napima kwa neno hapana. Je, unaweza kumwambia hapana kwa jambo dogo, ukalala usingizi? Sikwambii ukajaribu leo. Kumbuka tu zile mara ulizowahi kusema hapana, kisha kumbuka kilichofuata: kimya, watoto kunyimwa nauli ya skuli, simu kwa wazazi wako, mlango kufungwa kwa ndani. Ukikuta kila hapana ililipiwa, huo si wivu.

Wengine humu watakuletea dini, kwa hivyo niseme langu. Mimi ni Mwislamu na sikuitoka dini yangu nilipotoka kwenye ndoa. Qurani imewaita mume na mke mavazi, kila mmoja kwa mwenzake, na vazi humsitiri mtu. Na ipo aya ambayo natamani isomwe kwenye kila kikao cha suluhu: Al-Baqara aya ya 231, inayomkataza mume kumrejea mke kwa nia ya kumdhuru. Udhia wa aina hii umejulikana muda mrefu sana na umekatazwa kwa uwazi. Anayekwambia uvumilie kwa jina la Mungu, muulize aya hiyo inamhusu nani.

Sheria nayo imeliona. Mwanazuoni wa Marekani, Evan Stark, alitumia miaka mingi kueleza kuwa dhara kubwa katika nyumba za namna hii ni kuporwa uhuru, na kwamba kipigo kinaweza kuwa kidogo au kisiwepo kabisa. Mwaka 2015 Uingereza na Wales waliufanya udhibiti wa namna hii kuwa kosa la jinai, hata bila kipigo. Hapa Kenya, mwaka huohuo 2015, tulipata Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Ya kwetu haijaunda kosa moja lenye jina hilo, lakini soma inavyoueleza ukatili: umo unyanyasaji wa kihisia na kisaikolojia, wa kiuchumi, wa maneno, vitisho, kumwandama mtu na kumvizia, kuharibu mali yake, na hata wakwe kuingilia. Inawahusu walio kwenye ndoa, waliokuwa kwenye ndoa, wachumba, na waliozaa pamoja. Inawalinda wanaume pia, na wapo wanaume wanaoishi hivi Mombasa hii hii wakiona haya kusema. Kwa hivyo anayekwambia "huna alama" anakupimia kwa kipimo ambacho hata sheria ya nchi imekiacha.

Sasa hofu uliyonayo. Umesema uko kwa mamako, mlango umefungwa, na bado ukisikia pikipiki inapunguza mwendo nje moyo unakuruka. Mimi niliporudi kwetu nilikuwa namwambia mamangu ninakwenda dukani, narudi saa ngapi, na nimebeba shilingi ngapi. Mamangu aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, nani amekuuliza?" Mwili ulijifunza kujilinda kwa miaka, na hauwezi kusahau kwa sababu umebadilisha mtaa. Utamkumbuka pia. Utakumbuka siku alizokuja na mahamri ya moto na maneno matamu baada ya wiki ya kununa, na utajiona mjinga kwa kukumbuka. Kumkumbuka mtu si ushahidi kwamba hakukutesa. Kukupa raha baada ya adhabu ni sehemu ya yale yaliyokufunga.

Lakini sehemu nyingine ya hofu yako si kumbukumbu, ni akili yako inasoma vizuri, kwa sababu hajaacha. Hili ndilo watu hawalielewi. Wanadhani ukishatoka yamekwisha. Mtu aliyezoea kukutawala akikukosa nyumbani anatafuta njia zilizobaki, nazo ni watoto, pesa, simu, jamaa na talaka yenyewe.

Kwangu ilianza na jumbe za "tafadhali nipigie" baada ya kumzuia kwenye simu, moja baada ya nyingine, usiku. Nilipokataa kuzijibu, akaja kwa watoto. Alimnunulia mwanangu mkubwa simu nzuri, na kila jioni anampigia kwa video: "Nionyeshe nyumba, mama yuko wapi, nani amekuja leo?" Mtoto anazunguka na simu chumba hadi chumba, hajui kuwa anatumika. Siku za kukaa kwake anawarudisha usiku ilhali tulikubaliana alasiri, hapokei simu, kisha anaandika, "Si ungekuwa nyumbani ungewaona." Karo ilikuwa inakuja nikimpigia mimi mwenyewe na kumbembeleza, na isipokuwa hivyo haiji. Hakuna hata moja hapo ambalo ungelipeleka kwa chifu likaonekana kesi. Ukiyapanga pamoja unaiona ile ile hesabu ya nazi, imehamia nje ya nyumba.

Talaka nayo inaweza kuwa kamba. Wengine huandikiwa talaka kwa ujumbe wa simu, eda ikikaribia kwisha mume anarejea, kisha anaacha tena. Wengine wananyimwa kabisa: "Sikupi, na hutaolewa." Ikiwa nyote ni Waislamu, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya ndoa na talaka, na haimlazimu mwanamke kumsubiri mume apende. Kuna khului, mke kujikomboa kwa kurudisha mahari au sehemu yake, na kuna kadhi mwenyewe kuivunja ndoa kwa sababu kama madhara au kukosa matunzo. Usikubali kurudisha mahari kwa haraka kabla hujapata ushauri, maana ukiweza kuthibitisha madhara huenda usihitaji kujikomboa. Ndoa ya kanisani au ya serikali inakwenda kwa hakimu chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014.

Hapa niseme neno zito. Wakati wa kuondoka na miezi ya baada ya hapo ndio wakati wa hatari zaidi, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuinua mkono. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa marathoni wa Uganda aliyekuwa akiishi Trans Nzoia, alichomwa kwa petroli Septemba 2024, wiki chache baada ya kukimbia kwenye Olimpiki ya Paris, akafariki hospitalini Eldoret. Aliyetajwa kufanya hivyo alikuwa mpenzi wake wa zamani, na walikuwa wakizozania ardhi aliyojenga nyumba. Walikuwa wameshaachana. Sikutajii haya nikutishe. Nakutajia ili asije mtu akakwambia, "Si mmeshaachana, unaogopa nini?"

Kuna dalili ambazo ukiziona usizungumze na wazee kwanza, tafuta usalama kwanza. Amewahi kukukaba koo, hata mara moja, hata akasema alikuwa anatania. Watafiti wa mauaji ya wanawake wanaihesabu hiyo kati ya dalili kubwa kabisa za hatari ya kuuawa baadaye, na madhara yake yanaweza kuwa ndani ya koo bila alama nje, kwa hivyo hospitali ni lazima. Ametishia kukuua au kujiua ukiondoka. Ana silaha. Anajua ratiba yako yote na anakutokea mahali ambapo hukumwambia. Lolote kati ya hayo, piga 1195, ni bure na inapokelewa saa zote. Kwa mtoto ni 116.

Kuhusu simu, umesema anajua unapokwenda na hujui anajuaje. Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, tazama sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Mimi nilikuta kompyuta nisiyoijua. Tazama akaunti ya Google ya simu yako nani anajua nywila yake, na kama kushiriki mahali ulipo kumewashwa. Badilisha namba ya siri ya M-Pesa, na usiweke mwaka wa kuzaliwa mtoto. Ikiwa laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake, pata laini yako kwa kitambulisho chako. Lakini fikiria kabla ya kuyafanya yote kwa mpigo. Akiona ghafla amefungiwa kila upande anaweza kuja mbio, kwa hivyo yafanye siku ambayo hutakuwa peke yako nyumbani na kuna mtu anayejua. Kwa mambo ya siri, kama kumpigia wakili, tumia simu ya mtu mwingine.

Jumbe zake usizifute. Najua zinachoma kuzisoma, lakini zile "tafadhali nipigie" za usiku na maneno yake kuhusu karo ni ushahidi. Zipige picha za skrini, zitume kwa mtu unayemwamini ambaye mumeo hana njia ya kuifikia simu yake. Andika tarehe, saa na nani alikuwepo. Taarifa za M-Pesa zinaonyesha pesa zako zilikwenda wapi miezi ile. Na kama bado kuna vitu kwake, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitabu cha kliniki, cheti cha ndoa, usiende kuvichukua peke yako.

Polisi. Nitakuwa mkweli: kituo cha kwanza nilichokwenda, askari aliniuliza nimefanya nini mpaka mume akasirike, akaniambia haya ni ya nyumbani. Nilirudi siku nyingine na binamu yangu, tukaomba dawati la jinsia, tukampata mama mmoja aliyeandika kila kitu. Uliza dawati la jinsia kwa jina, na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kama kuna jeraha au umelazimishwa kimwili, nenda kituo cha manusura wa ukatili wa kijinsia pale hospitali ya Coast General, na dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72. Usioge wala usifue nguo kabla.

Kisha kuna amri ya ulinzi, ambayo wengi Mombasa hawajui kuwa ipo. Chini ya ile sheria ya 2015, unaiomba mahakamani, na mahakama inaweza kutoa ya muda kabla hata ya kumsikiliza mume ikiona kuna hatari. Inaweza kumkataza asikufuate, asikupigie, asije unapokaa wala unapofanya kazi, na akiivunja ni kosa la kufungwa. Mtu mwingine anaweza kuiomba kwa niaba yako. Mahakama ya Shanzu ndiyo iliyopata mahakama maalum ya kwanza nchini ya kesi za ukatili wa kingono na kijinsia, Jaji Mkuu Martha Koome aliizindua 2022, kwa hivyo hili si geni kwa mahakimu wa huku. Usiende bila ushauri kama unaweza kuupata: FIDA, chama cha wanawake wanasheria, wana ofisi Mombasa, Kituo Cha Sheria pia, na MUHURI, shirika la haki za binadamu, wanasaidia watu wa Pwani kwa mambo ya haki zao. Wote hao wamezoea kusikiliza mwanamke asiye na pesa ya wakili. Na akikutishia kusambaza picha zako za faragha, jambo ambalo hukuliandika lakini nalitaja kwa sababu ni la kawaida mno, kusambaza picha hizo ni jinai chini ya Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018. Haijalishi kwamba ulimtumia wewe kwa hiari mlipokuwa mkipendana.

Tuje kwenye Jumapili. Kwanza, hulazimiki kwenda. Suluhu ni ya watu wawili wanaoweza kusema bila kuogopana, na wewe umeandika kuwa ukimwona tu unasahau ulichotaka kusema. Unaweza kumpeleka ami yako akaseme kwa niaba yako. Ukiamua kwenda, usiende kwake wala kwa wakwe. Kikao kiwe kwenu au mahali penye watu, wewe uwe na angalau mmoja anayejua kila kitu, na watoto wasiwepo. Usafiri wako wa kurudi uwe umepangwa, asije mtu akasema mume atakupeleka.

Uandike unachotaka kusema, usome kwenye karatasi. Hakuna ubaya kusoma. Wataanza na "Amekupiga?" Jibu kwa jambo, si kwa hisia. Badala ya kusema "ananitesa," sema, "Laini yangu ya M-Pesa ameishika yeye tangu mwaka fulani, na mshahara wangu sijawahi kuutoa mwenyewe." Sema, "Ili nimwone mamangu nilikuwa naomba siku nne kabla, na mara kadhaa nimekataliwa, na mamangu alikuwa mgonjwa." Mambo mawili au matatu ya namna hiyo yanatosha, yenye tarehe. Ukiorodhesha yote watachagua lile dogo kuliko yote na kulicheka, na kikao chote kitakuwa juu ya hilo.

Yeye pengine atalia. Wangu alilia, akashika miguu ya babangu. Pengine akajitia hajui kosa lake, akaomba msamaha wa jumla: "Kama nimemkosea, anisamehe." Huo usiupokee hapo hapo wala usiukatae. Sema umesikia. Mtu aliyebadilika anaweza kutaja alichofanya kwa jina lake mbele ya wale wale aliowadanganya, na anaweza kuvumilia wewe ukikaa kwenu miezi bila kukusukuma. Mwangalie unaposema, "Nahitaji muda." Akikasirika hapo, mbele ya wazee, umepata jibu lako na wazee nao wamelipata.

Yale ya watoto yasiachiwe ahadi za mdomo. Siku gani wanakwenda, saa ngapi wanarudi, wanakabidhiwa mbele ya nani, karo inalipwa skuli moja kwa moja bila kupitia kwako. Iandikwe na wote waweke sahihi. Asipofuata, unayo karatasi ya kupeleka Mahakama ya Watoto.

Na mavyaa, ambaye umesema anapiga simu kila siku akilia na hujui umjibuje. Ni bibi ya watoto wako na ni mtu mzima, mpe heshima yake. Mwitikie salamu, muulize afya yake, mwambie watoto hawajambo, na ukitaka mpelekee wajukuu awaone. Akiingia kwenye habari za kurudi, mwambie, "Mama, hilo liko kwa ami," kisha umuage. Mwambie hivyo hivyo kila anapopiga, usiongeze neno. Kesho nipe habari kama ami amekubali kusimama, na kama hakukubali tutafute mwingine kabla ya Jumapili.